Sevu Yako Imedorora: Kutafuta Chanzo Mwilini, Dalili kwa Dalili

Wachezaji wengi wa tenisi hapa Mwanza wakiona sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, imedorora hukimbilia kuongeza kazi ya mkono: pushapu zaidi, vyuma vya kifua, ndoo nzima ya mipira jua likiwa utosini. Mara nyingi mkono hauna kosa. Waliopima mwendo wa sevu walikuta kwamba zaidi ya nusu ya nguvu inayofika kwenye raketi hutoka miguuni na kiwiliwilini. Bega na mkono huipokea, huiongezea kasi na kuifikisha. Ndiyo maana dalili huonekana mkononi wakati chanzo kimejificha chini.

Kabla hujabadilisha chochote, jibu swali moja: tatizo lipo tangu sevu ya kwanza, au linaanza baada ya muda? Lililopo tangu mwanzo, mwili ukiwa na nguvu zake zote, hutokana na udhaifu, viungo vilivyokaza au ufundi. Linaloanza seti ya pili ni la uchovu, maji au chakula. Linaloongezeka wiki hadi wiki hata ukipunguza kucheza ni jeraha au ugonjwa, na hilo usilitafutie mazoezi. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu akiwa ubavuni, kisha akiwa nyuma yako, mwanzo wa mazoezi na tena mwishoni. Nitaeleza kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

"Napiga kwa nguvu zote, mpira unafika taratibu"

Anza na mpira wenyewe. Kanuni za tenisi zinataka mpira ukidondoshwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu uruke kati ya sentimita 135 na 147. Mpira usiofika hata usawa wa kiuno cha mtu mzima umekufa, na hakuna zoezi litakaloufufua.

Mpira ukiwa mzima, pima bila kifaa chochote cha kasi. Piga sevu kumi za nguvu zinazoingia, mwenzako aweke alama ya chaki pale mpira unapodunda mara ya pili. Kisha piga kumi nyingine bila kukunja magoti na bila kunyanyua visigino, ukitumia kiwiliwili na mkono tu. Alama za kundi la kwanza zinapaswa kuwa mbali zaidi kwa hatua kadhaa. Zikikaribiana, miguu yako imekuwa mtazamaji.

Hapo kuna sababu tatu, na kila moja ina kipimo chake.

Ya kwanza ni miguu dhaifu. Kaa kwenye kiti cha kawaida, nyanyua mguu mmoja, simama kwa ule mwingine bila kujisukuma kwa mikono, kisha kaa polepole. Ukishindwa kurudia mara kumi kwa kila mguu, au goti likiangukia ndani, umepata jibu. Wengi hushindwa upande mmoja tu, na hiyo inatosha kuharibu sevu.

Ya pili ni nyonga zilizokaza, tatizo la wanaokaa darasani au ofisini mchana kutwa na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Piga goti la kulia chini, mguu wa kushoto mbele, kaza kalio la kulia na usogeze nyonga mbele bila kupinda mgongo. Paja likivuta mapema na mgongo ukataka kupinda, nyonga haifunguki. Basi hata ukiwa na miguu ya simba, nguvu itaishia kiunoni.

Ya tatu ni mpangilio. Unaruka vizuri, nyonga iko huru, ila kwenye sevu vitu vyote vinaondoka kwa pamoja. Mtazame kijana anayerusha jiwe mbali ziwani: mguu unasukuma ardhi, nyonga inageuka, kifua kinafuata, mkono unakuwa wa mwisho, na hakuna aliyemfundisha. Simama kwenye mstari wa nyuma urushe mpira mkuukuu kwa mtindo huohuo, juu na mbele, mbali uwezavyo. Mpira ukienda mbali ilhali sevu ni ya polepole, mwili wako upo sawa. Mtafute kocha wa ufundi, si wa jimu. Mpira ukianguka karibu, shida ni ya mwili.

Kwa miguu, hutahitaji jimu ya kulipia ili uanze. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Likumbatie kifuani, weka mguu wa nyuma juu ya benchi, shuka kwa mguu wa mbele kisha simama tena. Fanya mizunguko 3 ya mara 8 kila mguu, siku mbili kwa wiki. Ikizoeleka ongeza mzigo, usiongeze idadi hadi mara hamsini. Siku hizohizo, kabla ya dumu na misuli ikiwa imepashwa moto, ruka: chuchumaa nusu, paa juu kadiri uwezavyo, tua kimya. Mara 5, pumzika dakika moja na nusu, rudia hadi mizunguko 4. Kuruka ukiwa umechoka hukufundisha kuruka chini.

Kwa kiwiliwili, kifaa bora kuliko vyote ni mpira mzito. Ukikosa wa dukani, chukua mpira wa kikapu uliochakaa, toboa, tia mchanga mkavu wa kilo 2 au 3 uliopimwa kwenye mizani, kisha ziba kwa kiraka cha tairi. Usiujaze: ukijaa hupita kilo 10 na utakuumiza. Simama ubavu kwa ukuta imara, rudisha mpira nyuma ya nyonga ya kulia, sukuma kwa mguu na uugonge ukutani. Fanya mara 6 kila upande, mizunguko 3. Upande wa kushoto usiuruke, kwa sababu tenisi tayari inaujenga mwili upande mmoja. Kisha urushe kwa mikono miwili kutoka juu ya kichwa kwenda mbele. Kila mrusho uwe wa kasi ya mwisho uliyo nayo. Ukiona kasi imepungua, acha hata kama idadi haijatimia.

"Seti ya kwanza naingiza vizuri, ya pili zinakufa kwenye neti"

Hapa watu hulaumu umakini. Hesabu za uwanja zinasema vingine. Kutoka mstari wa nyuma hadi neti ni mita 11.89, na kutoka neti hadi mstari wa sevu, ambao sevu haipaswi kuupita ikidunda, ni mita 6.40. Katikati neti ina urefu wa sentimita 91.4. Ukichora mstari ulionyooka kutoka kwenye raketi, ukapita juu ya neti na kugusa mstari wa sevu, raketi lazima iwe takriban mita 2.61 kutoka ardhini. Mtu wa mita 1.70 akinyoosha mkono na raketi hugusa mpira karibu na mita 2.5. Maana yake wengi wetu tunaingiza sevu kwa msaada wa msokoto (mpira kuzunguka hewani) na uzito wa mpira unaoushusha, na nafasi iliyopo ni finyu.

Sasa miguu ichoke. Magoti hayasukumi, visigino havinyanyuki, mwili unajikunja kiunoni kabla ya kupiga. Umepoteza sentimita kumi au zaidi za kimo, na mpira uleule uliokuwa unapita sasa unapiga neti. Linganisha video ya mwanzo na ya mwisho: simamisha picha pale raketi inapogusa mpira, tazama visigino na kichwa. Kichwa kikiwa kimeshuka, tumepata mwizi.

Tiba si kukimbia kilomita kumi kila asubuhi. Najua mbio ndefu zinapendwa, na kwa afya ya moyo ni nzuri, ila pointi nyingi za tenisi huisha ndani ya sekunde kumi, kisha una hadi sekunde 25 kabla ya pointi inayofuata. Fundisha mwili kulipuka na kupona haraka. Mwanza ina bahati ya miinuko: barabara ya kupanda Isamilo, kilima cha Bugando, njia za Capri Point. Kimbia kwa kasi kupanda kwa sekunde 8 hadi 10, teremka ukitembea, rudia mara 8. Fanya mara moja au mbili kwa wiki, asubuhi kabla magari hayajaanza kuwa mengi. Mwinuko hupunguza kishindo kwenye magoti na hulazimisha mguu usukume hadi mwisho, kitu kilekile sevu inachotaka.

Na kunywa. Mnapobadilishana upande kanuni zinakupa sekunde 90. Zitumie kwa mafunda machache kila mara, usingoje kiu.

"Bega linauma"

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu bega linaweza kumwachisha mchezaji tenisi mapema.

Maumivu ya nyuma ya bega, yanayokuja mpira ukishaondoka, ni ya breki. Mkono huzunguka kwenda mbele kwa kasi kubwa kuliko karibu mwendo wowote mwingine wa mwili wa binadamu, na misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo inayousimamisha. Pushapu na vyuma vya kifua huongeza nguvu ya injini. Breki zinabaki zilezile. Kwa hiyo anayeanza jimu kwa kubonyeza kifua tu anaweza kupata kasi kidogo mwezi wa kwanza na maumivu mwezi wa tatu.

Maumivu ya mbele au juu ya bega, hasa mkono unapokuwa juu, mara nyingi hutokana na bawa, yaani mfupa bapa wa bega, lisilotulia mgongoni. Vua shati, nyanyua mikono yote miwili mbele na kuishusha polepole, mwenzako akitazama mgongo wako. Bawa la kulia likichomoza nje kama limechoka kushika kazi, hapo ndipo pa kuanzia.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mpiga sevu angekifanya kila mwezi. Lala chali, mkono wa juu uwe pembeni usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa, kiganja kikiangalia miguuni. Mwenzako ashikilie bega lisinyanyuke, wewe shusha kigasha mbele kuelekea sakafuni kwa upande wa miguu. Fanya na mkono wa pili. Ni kawaida mkono wa sevu kushuka kidogo kuliko mwenzake mbele na kulala zaidi ukirudi nyuma. Lakini tofauti ya mbele ikifika nyuzi 20 hivi, na ile ya nyuma isiifidie, bega lipo hatarini hata kama leo haliumi.

Ukikuta mkazo huo, nyosha kila baada ya mazoezi: vuta mkono wa sevu ukatize kifuani kwa msaada wa mkono wa pili, sekunde 30, mara 3. Usinyoshe kwa muda mrefu dakika chache kabla ya kucheza. Kabla ya kucheza, pasha misuli kwa kuzungusha mikono na sevu za taratibu.

Kwa breki, tyubu ya baiskeli kutoka kwa fundi yeyote wa Igoma au Mabatini inatosha. Ikate, funga kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Simama ubavu wa kushoto ukielekea nguzo, bana taulo lililokunjwa kati ya kiwiko cha kulia na mbavu, kunja kiwiko nyuzi 90, vuta tyubu kwenda nje na uirudishe polepole. Kurudisha polepole ndiyo kazi yenyewe. Mara 15, mizunguko 3, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki nne za kufanya bila maumivu, nyanyua kiwiko usawa wa bega na uendelee hapo. Ongeza kuvuta tyubu kwa mikono miwili kuelekea mbavuni, huku ukileta mabawa ya mgongo karibu. Kisha fanya pushapu, ukimaliza kunyoosha viwiko usukume tena kidogo ili mgongo wa juu upae. Kanuni ninayoitumia: kwa kila zoezi moja la kusukuma, mazoezi mawili ya kuvuta.

Usifunge jiwe kwenye raketi wala kuzungusha nyundo kama sevu. Uzito huo huvuta bega mahali ambapo breki zake ni dhaifu zaidi, na hukuharibia mpangilio ulioujenga.

Sevu zenyewe nazo zihesabiwe. Bega lililopumzika likizo nzima halitaki sevu mia siku ya kwanza. Anza na 30 au 40 siku moja, pumzika siku inayofuata, ongeza kidogo kila wiki.

Acha kabisa na umwone daktari iwapo bega linakuamsha usiku, mkono unakufa ganzi, huwezi kuunyanyua wenyewe, au ulisikia kitu kimechanika. Hapa Kanda ya Ziwa hospitali ya rufaa ya Bugando inapokea kesi za mifupa. Anzia kituo cha karibu upewe rufaa.

"Kijana wangu analalamika mgongo wa chini"

Mzazi au kocha, hili usilichukulie kuwa uvivu. Mtoto wa miaka 12 hadi 17 bado mifupa yake inakua, na kupinda mgongo nyuma huku ukijizungusha, hasa kwenye sevu ya pili (inayopigwa ya kwanza ikikosa) yenye msokoto mkali wa juu, kunaweza kuleta ufa wa uchovu kwenye pingili za chini. Mwambie asimame kwa mguu mmoja na kujipinda nyuma taratibu. Maumivu ya upande mmoja yakichoma hapo, na yapo zaidi ya wiki mbili, sevu zisimame na apelekwe kupigwa picha. Picha ya kawaida inaweza isioneshe ufa mwanzoni, kwa hiyo majibu mazuri si ruhusa ya kurudi uwanjani siku hiyohiyo. Kupona huchukua miezi, na kijana anayepumzika vizuri kwa kawaida hurudi na kucheza.

Kama ni mtu mzima na maumivu ni ya kuchoka tu, rudi kwenye kipimo cha nyonga. Nyonga ikikataa kufunguka, mgongo hupinda kwa niaba yake. Nyosha nyonga kila siku, na ujenge tumbo linalozuia kupinda: planki ya sekunde 30 ukiwa umekaza makalio, na kushika tyubu mbele ya kifua bila kuiruhusu ikugeuze.

"Kiwiko kinauma kwa ndani"

Mara nyingi kiwiko kinalipa deni la bega na miguu, kwa hiyo fanya vipimo vilivyotangulia kwanza. Angalia pia mshiko wa raketi: ukiwa mwembamba mno unakufanya ubane kwa nguvu. Punguza sevu zenye msokoto kwa wiki mbili. Kwa mtoto, maumivu ya kiwiko ni ya daktari.

"Nimepiga vyuma miezi mitatu, nina mwili, sevu ileile"

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu aliyelileta ana bidii tayari. Chuma kizito kinachonyanyuliwa polepole hujenga nguvu. Sevu inataka nguvu hiyo itoke haraka sana, na anayefanya yale ya polepole peke yake hupata msuli usiojua kuharakisha. Mara nyingi pia mpangilio wa wiki ndio wenye kosa: jimu Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi asubuhi anakuja kupiga sevu na miguu inayouma.

Kwa anayecheza siku tatu kwa wiki, mimi ningepanga hivi. Jumanne na Ijumaa, mambo ya kasi yaje kwanza: kuruka na mpira mzito. Yafuate yale mazito: dumu au chuma kwa miguu, kuvuta kwa mgongo. Mwishoni tyubu. Lisaa limoja linatosha. Siku ya sevu za nguvu isiwe siku inayofuata jimu ya miguu. Kila wiki ya nne punguza mzigo kwa karibu nusu, kwa maana mwili hujengeka ukipumzika. Na katika siku za jimu, malizia na sevu kumi za taratibu ili mwili uunganishe kazi mpya na mwendo wa zamani. Pima kwa chaki baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo unajisumbua.

"Mwili ni mzito siku zote, hata nikilala"

Usiongeze mazoezi. Kanda yetu ina malaria, na pembezoni mwa ziwa kuna kichocho. Wapo wanaomaliza mazoezi kwa kuingia ziwani kupooza miguu. Maji yaliyotulia yenye magugu ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na vimelea hupenya kwenye ngozi nzima bila kidonda. Vikikaa mwilini huleta uchovu, tumbo kuuma, damu kwenye choo, na kwa watoto upungufu wa damu. Pima damu na choo kabla ya kujiita mvivu. Dawa ya kichocho ipo na inafanya kazi. Miguu ipooze kwa maji ya bomba nyumbani.

Majibu yakiwa safi, tazama sahani. Anayecheza jioni kwa chai ya asubuhi pekee hawezi kuwa na sevu. Kula ugali au viazi vitamu na samaki saa mbili au tatu kabla. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) machache kwenye mfuko wa raketi hufaa kati ya seti. Baada ya mazoezi, dagaa, maharage au mayai. Dagaa wetu ni protini ya bei nafuu iliyo mlangoni.

"Mpira ninaorusha juu unakimbia" na "Tangu nitoke Dar zinatoka nje"

Haya mawili hayahitaji vyuma. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mpira uliorushwa juu mno husombwa. Rusha chini kidogo, mkono ukiwa umenyooka, na ufanye mazoezi ya kurusha upepo ukiwepo. Ukiona mpira unayumba hata asubuhi kumetulia, simama kwa mguu wa mbele sekunde 30 umefumba macho. Ukiyumba, jenga kifundo cha mguu.

Kuhusu Dar: uso wa ziwa uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi, hivyo mpira haupunguzwi kasi kama pwani. Mipira maalumu ya nyanda za juu hutumika kuanzia mita 1,219, kwa hiyo tunacheza na ya kawaida, nayo huku huwa hai zaidi kidogo kuliko ulivyozoea. Ongeza msokoto kwenye sevu ya pili, lenga ndani zaidi ya mstari, na uupe mkono wiki mbili uzoee.